Milango Isiyo na Majina

Mama mwenzangu, mwanao akikwambia picha za mtandaoni hazina mwenyewe, usinyamaze. Mimi nilinyamaza.

Binti yangu Nesrin alikuwa anamaliza chuo hapa Tlemcen, na utafiti wake ulihusu milango ya zamani ya mji. Vitabu alivyosoma alivitaja vyote, hadi kurasa. Chini ya kila picha aliandika neno moja tu: Google.

"Kwani waliopiga hawana majina?" nikamuuliza.

"Mama, wewe kaanga vileja vyako vya makrut. Za mtandaoni hizo, hazina mwenyewe."

Siku ya kutetea utafiti tulikwenda kama tunaokwenda harusini, ndiyo desturi yetu: sinia za makrut za tende, sharubati, na majirani na vigelegele vyao. Nilimwalika Mama Sofian, ambaye mwanawe, mpigapicha, alifariki miaka minne nyuma.

Taa zikazimwa. Milango ikaanza kupita ukutani polepole, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetembea usingizini katika mji usio na watu. Wa kijani, wa kahawia, mweupe uliobambuka. Nilihisi nikinyoosha mkono nitabisha hodi. Kisha ukaja wa buluu, sufu mbichi imeanikwa kando yake, jua la asubuhi limelala kizingitini.

Mama Sofian akasimama. "Huo mlango wangu! Hiyo sufu nimeifua mimi! Sofian kapanda kiti apige picha, namwambia shuka, utavunjika mguu! Nesrin, umeandika nini hapo chini?"

Nesrin akanigeukia mimi.

"Google," nikamsomea Mama Sofian.

"Ndiye nani? Siku hiyo alikuwepo?"

Watu wakacheka, halafu wakaacha. Profesa akavua miwani. "Binti, picha arobaini, na hakuna aliyezipiga?"

Cheti kikazuiliwa. Alipewa mwezi mmoja: kila picha iwe na jina la aliyeipiga, au itoke. Makrut tulirudi nazo nyumbani, hakuna aliyezigusa.

Kwanza Nesrin alikwenda kwa Mama Sofian. "Khalti," akamwita, kama mama yake mdogo, "nisamehe. Naomba ruhusa."

"Jina lake unajua kuliandika?"

"Najua."

"Basi liandike. Lote, na la baba yake."

Mwezi mzima aliwaandikia watu asiowajua. Mmoja alijibu kutoka Oran, mwingine Marseille. Picha sita hazikupata mwenyewe. Akazitoa, na mahali pake akaacha weupe mtupu.

Siku ya kutetea mara ya pili tulikuwa wachache. Weupe ule ulipofika ukutani, chumba kizima kilijaa mwanga kama asubuhi ya theluji. Cheti alikipata. Lakini kabla ya hapo ulikuja mlango wa buluu, na Mama Sofian, asiyejua kusoma, akanishika mkono.

"Limeandikwa?"

"Limeandikwa. Sofian Benkrama, mwana wa Abdelghani. Mlango wa mama yake, 2014."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Nesrin alisubiri mbele ya ukuta, hakubadilisha picha, mpaka mama yule alipomwitikia kwa kichwa.