Jezi Nyekundu Kwenye Kona

Njia ile ni ya lami laini, haina kilima, hata wazee wa magongo huimaliza kabla ya chai. Inaanzia kwenye lango la mji wa kale, inafuata ukuta uliobomoka, inazunguka magofu na kurudi palepale kwa upande wa chini. Kilomita tatu tu. Mimi na jirani yangu tuliikimbia kwa zamu kila asubuhi kabla ya kazi: mmoja anakimbia, mwenzake anabaki kwenye benchi la lango na vigari viwili vya watoto, cha binti yangu na cha mwanawe wa kiume.

Mimi si mkimbiaji. Nilipojifungua nililala miezi miwili nikitazama ukuta, mama yangu akisema ni uvivu. Muuguzi alishauri nitembee. Jirani akasema kutembea ni kwa waendao sokoni, akanivua blanketi, akanivalisha raba. Kwa anavyotimua mbio, nilimbandika jina la Swala.

Siku hiyo Swala alitangulia kukimbia, akachelewa kurudi. Niliitazama saa mara tatu. Nisipoanza sasa sitakimbia tena leo, na siku nisiyokimbia lile giza hunirudia kifuani. Watoto walikuwa usingizini. Mara nikaona jezi nyekundu ikichomoza kwenye kona ya chini. Nikajisemea, huyo Swala, nusu dakika yuko hapa. Nikakanyaga breki za vigari, nikapunga mkono, nikaondoka kwa njia ya juu.

Nyuma ya magofu, katikati kabisa ya mzunguko, nilimkuta Swala ameketi juu ya jiwe. Jezi yake nyekundu imelowa jasho, kiatu kimoja mkononi, kifundo kimevimba kama andazi. Akatabasamu kuniona. Kisha akachungulia nyuma yangu.

"Watoto wako na nani?"

Nikamwambia nilimwona kwenye kona.

"Mimi? Mimi niko hapa robo saa."

Simu zetu zote mbili zilikuwa ndani ya vigari. Mbele na nyuma umbali ni uleule. Nikakimbia mbele, kwa njia ya chini, na ile lami ya wazee ikawa tope miguuni mwangu. Pale langoni pana mteremko unaoshuka hadi barabara ya malori. Breki ya kwanza niliikanyaga, nakumbuka ilivyolia. Ya pili je? Na ya pili ilikuwa ya nani, yangu au yake? Nikajikuta naomba iwe yangu iliyokazwa, nikaona haya mbele ya Mungu, nikaanza kuomba upya.

Nikasikia vishindo nyuma, kimoja cha kiatu, kimoja cha mguu mtupu. Swala, aliyekuwa hawezi kusimama, akanipita. Hakunitazama. Kila alipokanyaga mguu ule alitoa sauti kama ya mtu anayechomwa, na hakupunguza mwendo.

Benchi lilikuwa tupu. Vigari havipo. Swala alishika nguzo ya lango akateleza hadi chini, nami nikapiga ukelele ambao sikujua ninao.

Mfagiaji wa lango akatoa kichwa kwenye kibanda cha tiketi. Alikuwa amevisukuma ndani vigari vyote viwili, kwa sababu jua lilikuwa limewafikia watoto usoni. Alikuwa akivitikisa kwa mpini wa ufagio, huku na huku.

"Hawa mmewazaa au mmewaokota?"

Nikakimbilia kibandani. Binti yangu alikuwa bado amelala. Mtoto wa Swala alikuwa macho, anatafuna kamba ya kofia yake. Nilimwinua nikampa mama yake pale chini, akamnusa kichwani muda mrefu.

Nikaanza kuomba radhi. Nikamweleza habari ya saa, ya giza, ya jezi ya mpita njia niliyedhani ni yeye. Akainua kiganja.

"Usinisemeshe kwanza. Nisaidie kusimama."

Nikamsimamisha. Akaegemea bega langu kwa uzito wake wote, nami nikasukuma vigari vyote viwili, hatua kwa hatua, hadi zahanati.