Tairi za Kutosimama

...kwa sababu ningesimama pale porini ningeshuka, na mguu wangu haujakanyaga lami ile tangu Aprili ya mwaka juzi, lakini hilo siwezi kumwambia fundi, kwa hiyo nasema tu gari lenyewe linaruhusu, fundi, tairi hizi ni ngumu, zimetengenezwa kutembea bila upepo, si ndiyo maana yake, na Maftaha anatikisa kichwa, anasema zinaruhusu ndiyo, madam, lakini siyo kilomita arobaini kwa mwendo ule uliokuja nao hapa, umeisaga tairi ndani mpaka imekuwa unga, angalia mwenyewe, ananionyesha, mimi siangalii, jua la saa sita la Nangurukuru linampiga utosini wala hajali, mkono mmoja ameuweka juu ya tairi mpya ngumu kama zangu, mkono wa pili juu ya tairi ya kawaida, amesimama kama mtu anayeuza mbuzi wawili, na mimi nimekaa kwenye benchi lake nachagua, nachagua nini, Leonadi mume wangu ameshachagua tangu saa tatu kwa simu, chukua hizo hizo ngumu Helena, hata upepo ukiisha wewe unatembea tu mpaka mjini, usisimame porini mama watoto, nakuomba, na sauti yake ilikuwa inatetemeka, Leonadi ambaye nyoka akiingia ndani anamfuata na ufagio, lakini tangu alichokiona mwezi wa nane kule njiani huyu mwanamume hataki hata nipite peke yangu, na laiti angejua alichokiona ni nini... Maftaha anasema jambo lingine linanishangaza, madam, tundu silioni, nimeizungusha kwenye maji mara tatu, haitoi povu hata moja, msumari hakuna, mwiba hakuna, sasa upepo ulitokea wapi, anacheka, anadhani na mimi nitacheka, nasema labda mpira wa kujazia upepo, anasema huo nimeupima kwanza kabisa, mzima, haya basi, fundi, mzima, unataka nikwambie nini.

Asubuhi hii ilikuwa hivi, nimetoka Mtama kabla jua halijapanda, nyuma nina marobota mawili ya vitenge vya duka langu la Kilwa Masoko, redio imewashwa, dirisha nimeshusha kidogo, na nilipoanza kulikaribia lile pori nikafanya ninavyofanya siku zote, nikakaza macho mbele, nikasema leo hayapo, Helena, leo hayapo, na hayo hapo, matawi matatu barabarani upande wangu, tawi, hatua kumi, tawi, hatua kumi, tawi, kama mtu yeyote anavyoweka gari lake likiharibika ili wenzake wapunguze mwendo, majani mabichi yanang'aa utafikiri yamekatwa dakika hiyo, na huu ni mwezi wa tisa, pori zima limepukutika, hakuna hata jani la kumfunikia panya, hayo majani mabichi yanatoka wapi, jamani, na mbele ya matawi hakuna gari, hapajawahi kuwapo gari, lami tupu inayochemka, nikayakwepa, na nilipokuwa sambamba na la tatu ile taa ya njano ya tairi ikawaka, gari likaanza kulalia nyuma kulia, polepole, hakuna mlipuko hakuna kishindo, kama mtu mzima amekuja akakaa pale, na nikasikia jeki, Yesu na Maria, nilisikia jeki inapandishwa, kile kilio chake cha chuma kwa chuma, kwa utulivu, kazi ya mtu asiye na haraka, gari lipo mwendo wa themanini na jeki inapandishwa chini yangu, nikapandisha kioo, nikakanyaga mafuta, na tairi ngumu zikafanya kazi yake, zikanitoa, ndiyo, zikanitoa. Maftaha anaeleza, hii ngumu ukuta wake mnene, upepo ukiisha ukuta unabeba gari, lakini ikishatembea kavu haizibiki tena, unatupa, na ukiitaka nyingine mpaka Dar, nilikuwa nazo hizi mbili tu, jozi ya nyuma, bahati yako, hii ya kawaida ni laini, mashimo ya huku inayameza, pancha wanaziba popote, lakini upepo ukiisha umeisha madam, hakuna ujanja, unasimama, unashuka, na gari lako halina mahali pa spea, itabidi ikae buti ikulie nafasi ya mizigo, kwa hiyo uamuzi ni wako, anasema, unataka raha ya kila siku au unataka usisimame, kwa nini amesema hivyo, amesema tu, ni fundi, mafundi ndivyo wanavyosema.

Ameinama, ameokota jiwe, anaenda kulisukumia nyuma ya gurudumu la mbele gari lisirudi, jiwe kubwa la kijivu, na macho yangu yamegandia pale, nataka kupiga kelele lichukue, fundi, usilisahau, lakini bado hajafunga hata nati moja, wazimu huu, hebu tulia wewe mwanamke, jiwe ni jiwe... lile la Aprili lilikuwa na upande mmoja bapa, nakumbuka kwa sababu alilichagua kwa makini, Abilahi, alilipindua kwa mguu mara mbili akaona upande gani utashika vizuri kwenye mteremko, nilikuwa na gari langu la zamani, tairi za kawaida, pancha, peke yangu, mvua ya masika inanyemelea na mimi jeki naijua kwa jina tu, na magari yanapita, vuuu, vuuu, wanaume wazima na vitambi vyao wanachungulia wanapita, akasimama mwenye pikipiki, mtu wa makamo, ndevu zake nzuri zimechongwa, akasema pole dada, kwanza tuweke matawi wasije wakakugonga hapa nyuma, akakata matatu, akayapanga kwa hatua zake mwenyewe, akaweka jiwe, akapandisha jeki huku anaimba kaswida kwa pua, nikamwuliza jina lako nani kaka, akasema Abilahi, wa Mitole, nipo hapa hapa kila siku napeleka abiria, nikatoa fedha akazirudisha, akasema dada yangu, hii ni barabara, leo wewe kesho mimi, na simu yake ikaita, abiria wake anamngoja mbele huko, matone yameanza, akafunga nati ya mwisho akasema naomba umalizie kuondoa matawi na hilo jiwe, dada, usiliache, nikasema nenda kaka yangu, nitaondoa mimi. Nitaondoa mimi. Nilisema kwa mdomo huu huu unaokula na kusali. Mvua ikamwagika kama imepasuliwa, nikaingia ndani nifute miwani, nikasema ipungue kidogo, haikupungua, nilikuwa nimetoka kusuka nywele siku ile, eh, nywele, mtu amekufa kwa nywele, nikawasha gari nikaondoka, nikajiambia matawi yatachukuliwa na upepo, jiwe nalo nani ataligonga, jiwe kubwa vile linaonekana, na wala sikuona aibu, nilifika Lindi nikanywa chai.

Siku ya tatu nilikuwa hapa hapa Nangurukuru nanunua maji, akina mama wawili wanasimuliana, wanasema amekufa Abilahi wa Mitole, amegonga jiwe kwenye mvua, watu wasio na haya wanatengeneza magari yao wanaacha mawe barabarani, abiria amevunjika mguu yeye amekufa pale pale, amemwacha mama yake, alikuwa anarudi, alikuwa anarudi, saa moja tu baada ya kuniacha alikuwa anarudi kwa njia ile ile na hakuwa na sababu ya kuliogopa jiwe kwa sababu alijua dada ameliondoa, hiyo ndiyo inayoniua mimi, hakupunguza mwendo kwa sababu aliniamini, na mmoja wa wale mama akasema aliyeliacha Mungu anamwona, nami nikaitikia, nikasema kweli kabisa mama, nikalipia maji yangu nikaondoka. Asante ya punda ni mateke, wanasema, lakini punda hajui kusema nitaondoa mimi. Polisi hawakuuliza, nani aulize, siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi nikauza lile gari, nikamwambia Leonadi limechoka, nikatafuta hili ambalo mwuzaji alisema mama hili hata likipata pancha husimami, nikalipenda kabla sijaliona, husimami, neno tamu kuliko asali, na miezi ya kwanza kweli hakukuwa na kitu, ndipo matawi yakaanza, nikasema macho yangu, dhambi yangu inanichezea, mpaka huo mwezi wa nane tulipokuwa na Leonadi na yeye ndiye aliyesema, punguza, kuna gari limeharibika mbele, yeye ndiye, mimi nilikuwa nimeshanyamaza, tukapita la kwanza, la pili, la tatu, akageuka nyuma akatazama barabara tupu, akafunga milango yote kwa haraka akasema wametega, hao ni majambazi, kanyaga Helena, na nilikanyaga, na sijamwambia mpaka leo kwamba majambazi hawajifichi kwenye pori lisilo na majani, na kwamba ule mpango wa hatua kumi nauona hata nikifumba macho... simu inatetemeka pajani, Leonadi huyo, umeshachukua, anaandika, umeshachukua zile ngumu, naigeuza kifudifudi.

Madam, anasema Maftaha, amerudi kwenye tairi zake, mikono juu yake, niambie nifunge zipi, na kuna sauti ndani yangu inasema ngumu, baba, funga zote nne kama zingekuwapo, nipite, nipite leo jioni, nipite kesho, nipite mpaka niwe bibi kizee napita pale nimekaza macho, kwa sababu kurudi nyumbani Mtama ni njia hiyo hiyo, hakuna nyingine, na kama tundu halipo leo basi hata hizi mpya zitaishiwa upepo pale pale, na nitakimbia tena nisage nyingine, na nyingine, na ile jeki itapanda kila siku chini yangu, polepole, mtu asiye na haraka, anamalizia kazi yake... hebu ngoja. Hebu ngoja kwanza, Helena. Miezi yote hii nimekuwa najiuliza matawi yananitaka nini, yananitega, yananiita nife na mimi, nimewasha mishumaa kanisani, nimening'iniza rozari kwenye kioo, nimefanya yote ila kufikiri, tawi la barabarani kazi yake ni moja tu toka dunia ya magari ianze, hata mtoto wa darasa la kwanza anaijua, tawi linasema punguza mwendo, mbele kuna mtu amekwama. Basi. Halina lingine. Hakuna anayenitega, yule mtu hakuwa wa kutega watu, alirudisha fedha zangu, yupo pale amekwama, kazi haijaisha, aliachiwa ahadi na mwenye ahadi kila wiki anampita mwendo wa themanini na kioo kimefungwa, ee Mungu wangu, amekuwa akiniwekea matawi ili asigongwe tena mtu, kaka wa watu, au ili nisimame, au vyote viwili, na mimi naogopa, nisidanganye, ninaogopa kushuka pale, ninaogopa nikiliinua tawi nikalikuta lina uzito wa tawi kweli, na ninaogopa zaidi nikilikuta halina uzito wowote.

Lakini tairi ngumu ni za mtu mwenye nia ya kupita, na mimi nimechoka kupita, nimechoka, mficha uchi hazai, nitasema neno moja tu, za kawaida, fundi, na spea weka buti, vitenge vitakaa kiti cha mbele, atashangaa, atasema una uhakika madam, na nitamwuliza kitu kingine ambacho kwa miezi yote hii sijamwuliza mtu, nyumba ya mama wa marehemu Abilahi kule Mitole iko upande gani, na lazima anajua, hapa kila mtu alimjua, bado amesimama, mikono yake bado iko juu ya tairi zile mbili, ananitazama, hata kivuli chake miguuni hakijasogea kiasi cha kidole, nitaanzia huko, kabla ya porini, kabla ya kumpigia Leonadi, nikiwa bado na hofu hii hii, nitabisha hodi, nitasema shikamoo mama, naye atanijibu marahaba mwanangu, karibu, kwa sababu hajui anamkaribisha nani, ataniita mwanangu na ataanza kutafuta mkeka, na kabla hajautandika nitamwambia jiwe lile lilikuwa langu.