Kilio cha Raheli kwa Piano

Verónica alikuwa amekwisha kuutunga muziki wake wote isipokuwa mwisho. Ulikuwa muziki wa piano pekee, usio na maneno, alioutoa katika yale aliyoyanena nabii Yeremia juu ya Raheli, mama aliyewalilia watoto wake akakataa kufarijiwa. Aliutunga kwa ajili ya Jumapili ya kuyaombea makaburi ya Afungi, ambayo yangehamishwa ili uzio wa mtambo wa gesi upite. Huko ndiko alikofundisha ujanani, na huko ndiko alikozikwa mwanawe. Wapi hasa, hakujua.

Kwa mila ya huko, mtoto mchanga afaye kabla ya kutolewa nje ya nyumba kwa mara ya kwanza huzikwa na wanawake watu wazima, bila alama wala kilio, na mamaye haonyeshwi mahali, asije akafungwa kizazi. Katika waliomzika mwana wa Verónica, aliyesalia hai ni shoga yake Zaida peke yake.

“Mwalimu, endelea na aya zinazofuata,” alisema katekista Cosme, akiegemea piano ya misheni. “Mungu anamwahidi Raheli kwamba watoto watarudi. Watu wanahitaji faraja.”

“Watarudi kutoka wapi, Cosme? Wangu sijui hata alipolala.”

“Lakini mwisho huu unaning’inia!”

“Vidole vyako ni vya kupigia kengele. Niachie piano.”

Cosme alipoondoka, Verónica aliijaribu ile sehemu ya faraja. Kila alipoifikia, mkono wa kushoto ulikataa. Akafunika piano, akaenda kwa Zaida, akamkuta anakuna nazi.

“Shoga, nionyeshe.”

“Umeanza tena! Wakubwa walinikataza.”

“Walikukataza kwa ajili ya kizazi changu. Nitazame, Zaida. Hapa pamebaki kizazi gani?”

Zaida alicheka bila kutaka, kisha machozi yakamtoka. “Tulimlaza penye bafu lako, maji yanapomwagikia, apate ubaridi. Kila ulipooga, ulimwogesha.”

Verónica aliketi chini. Nyumba yake ile ya Afungi ilikuwa imebomolewa mwezi uliopita.

“Nilikuwapo katapila lilipochota udongo wa pale,” alisema Zaida. “Nilitaka kupiga kelele, nikauogopa mwiko.”

“Udongo waliupeleka wapi?”

“Wamefukia nao barabara. Ni njia nzima, mwenzangu. Hakuna wa kujua ni sehemu gani.”

Jumapili hiyo kanisa lilijaa. Verónica alipiga kilio cha Raheli tangu mwanzo, akafika pale mama anapokataa, akauacha muziki hapo hapo, mikono ikiwa juu ya magoti. Watu walingoja.

“Mwalimu,” Cosme alinong’ona, “bado.”

“Nimemaliza.”

Ndipo Zaida, aliyekuwa amesimama nje ya mlango na mtandio wake kichwani, akapiga yowe la msiba, lile ambalo wanawake hawakuruhusiwa kumpigia mtoto yule siku walipomzika. Cosme akainuka kwenda kumnyamazisha.

“Kaa chini,” Verónica alimwambia. “Huyo analia msiba wa kwangu.”