Vijiti vya Tokuji

Msiniambie habari za ushindi! Manowari Kurodake ilizama, na wakubwa wa jeshi la majini wakatufanya wajinga kiangazi kizima.

Manowari zetu nzito zilipewa majina ya milima. Hiyo Kurodake baba aliigongea ribiti, ile misumari ya kuungia vyuma, hapa hapa bandarini Kure, na mpaka anakufa alikuwa akijigamba kwamba zile za zamani zilikuwa mitumbwi tu, hii ndiyo yenye mizinga ya kueleweka. Kaka yangu Tokuji akapangiwa humo. Mwezi wa sita barua zikakatika, redio ikashangilia ushindi. Mama alitaka jambo moja tu, kujua kama mwanawe yu hai.

Kila mlo alimpakulia Tokuji wali katika bakuli lenye kifuniko, kama tunavyomfanyia aliye safarini. Tukishakula, anafunua. Kifuniko kikiwa na matone ya mvuke, msafiri ni mzima.

"Ona, Mitsue! Matone tele!"

"Mama, wali wa moto lazima utoe mvuke."

"Funga domo lako!"

Na wali wenyewe wa mgawo! Sisi tunatafuna viazi vitamu, bakuli ndilo linaloshiba. Siku moja kwa hasira nilichomeka vijiti vyangu vya kulia wima kwenye chakula. Mama akanizaba kofi.

"Vijiti wima ni vya wali wa maiti! Unamtakia nani?"

Majani yalipoanza kupukutika akaja Kuramoto, mwenzake Tokuji wa mizingani, shingo imeungua hadi sikioni. Nikamvaa mlangoni.

"Meli iko wapi?"

"Dada, siwezi kusema."

"Wamekukata ulimi?"

"Wakubwa walitufungia kisiwani tusiongee na mtu. Nikifungua kinywa, mimi na mama yangu tumekwisha."

"Sasa umefuata nini hapa? Wali?"

"Mwache mgeni, we mtoto!" Mama akamvuta ndani, akamketisha, akafunua bakuli la Tokuji mbele yake. "Tazama, mwanangu. Matone. Mzima, siyo?"

Kuramoto alikitazama kile kifuniko. Akachukua vijiti vya Tokuji, akavichomeka wima katikati ya wali, kisha akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

Nilingoja mama amzabe kofi. Nilitaka amzabe, Mungu anajua, nilitaka sana. Mama alichukua kifuniko, akakifuta matone kwa kiganja chake mpaka kikakauka.