Mtu wa Nyasi

Kijijini Semariya walikuwa hawajapata kuona mtu wa ng'ambo akishuka kwenye bajaji ya kuchangia, kabanwa katikati ya magunia ya vitunguu. Kabla Sunaina hajakung'uta vumbi kwenye sari, wanawake wa mtaa mzima walishajaa uani kwa kina Harinandan, na waliokosa nafasi walipanda juu ya paa la jirani ili wasipitwe.

"Ndiye huyu?" mmoja aliuliza bila hata kushusha sauti. "Mbona hana dhahabu?"

"Wageni wa wenzetu huja na gari. Wetu kaja na kopo."

Kopo lilikuwa la maziwa ya unga, limezungushiwa karatasi ya gundi, na Sunaina alikuwa amelipakata tangu Delhi kwenye behewa la bei ya chini, akitafuna dengu za kukaanga. Ndani mlikuwa na majivu ya baba yake. Huko Suriname Sunaina alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini. Nauli aliidunduliza miaka, hereni zikauzwa, na treni ya kurudi ilikuwa kesho jioni. Safari ya pili isingekuwapo. Baba aliomba kitu kimoja tu: majivu yake yamwagwe katika mto Ganga na mwanamume wa ukoo wao, kutoka kijiji alichotoka babu yake, Bhikhari, aliyesafirishwa kwa mkataba kukata miwa Suriname enzi za Waingereza.

Sunaina alipofungua mdomo kusalimia kwa lugha ya babu zake, ua mzima ukaangua kicheko.

"Jamani, anaongea kama marehemu bibi yangu!"

"Sema tena, dada! Hivyo hivyo!"

Harinandan, mwenye nyumba, alihesabu ukoo kwa vidole, yeye upande wake na Sunaina upande wake, mpaka vidole vyao vikakutana kwa Bhikhari. Akapiga paja.

"Basi wewe ni dada yangu kabisa! Kesho asubuhi tunakwenda mtoni. Nitanyoa kichwa kwa ajili ya mzee, hata kama mke wangu atanicheka."

"Nitakucheka," alisema Kalawati, mkewe, na huku anacheka alimvisha Sunaina bangili za kioo, za kijani, mikono yote miwili, kama binti aliyerudi kwao. Sunaina alilia mpaka kamasi.

Laiti angeishia kulia tu.

Lakini nyumba imejaa, chai inazunguka, kila mtu anataka habari. Bhikhari aliishije huko? Sunaina akasimulia, na raha yote ya ulimwengu imemkaa kooni. Alikata miwa, akapata shamba lake la mpunga, akaoa, akazaa watoto tisa. Samaki ndio usiseme! Alikufa mzee, meno yote kinywani. Akatoa na picha. Ikapita mkono kwa mkono, wanawake wakiyacheka yale masharubu, mpaka ikafika kitanda cha kamba alipoketi Bibi Dulari, mama yake Harinandan.

Aliisogeza karibu na macho.

"Huyu mwanamke hapa pembeni, bangili zimemfika kiwikoni. Ni nani?"

"Mkewe, bibi. Ndiye aliyemzaa babu yangu."

Bibi akaipindua picha kifudifudi pajani.

"Bhikhari sisi tulimchoma," Bibi Dulari alisema.

Sunaina hakuelewa. Bibi akamweleza taratibu, kama anayemlisha mtoto dawa. Bhikhari aliacha mke hapa, Sonmati, na kichanga. Alikwenda mjini kuuza ndama, asirudi. Walimngoja miaka kumi na miwili inayotakiwa na mila, kisha wakasuka mtu wa nyasi, wakamlaza kwenye machela, wakamchoma kando ya mto kama maiti yoyote. Wanaume wa nyumba wakanyoa.

"Na Sonmati wakamvunjia bangili kwa jiwe, pale kisimani, kama mjane yeyote. Nilipoletwa hapa bi harusi nilimkanda miguu, nikayaona makovu ya vioo mikononi mwake. Nguo nyeupe, mlo mmoja kwa siku, harusi za wajukuu anajifungia ndani asije akawatia nuksi. Mpaka anakufa. Na mwenziwe huko anakula samaki."

"Sisi hatukujua, bibi."

"Yeye alijua."

Juu ya paa mtu alinong'ona, "Anataka shamba huyo." Mwingine akajibu, "Na ndara zile miguuni, adai shamba?"

Harinandan alimtazama mama yake, kisha miguu yake mwenyewe. "Dada, nitasimamaje mtoni? Nyumba hii ilishamnyolea Bhikhari. Mtu aliyekwisha chomwa hazai."

"Basi nitakwenda peke yangu, kaka. Nitayataja majina ya wazee tu."

Bibi Dulari akamshika mkono. Kiganja chake kilikuwa kikavu, chepesi. "Mto si wetu, nenda. Lakini la Bhikhari usilitaje. Ukimtaja, moto wetu ulikuwa uongo, na yule mama alikaa mjane bure. Niapie, mwanangu."

Sunaina akaapa.

Kalawati hakumwambia avue bangili. Alileta sabuni ya kuzitelezesha na bakuli la maji, akaviweka mbele yake, akatazama pembeni.

Asubuhi, kwenye ngazi za mto, watu walikuwa wamebanana na maiti zao. Kuhani alimwekea jani la mtindi na wali.

"Jina la marehemu?"

"Rampersad."

"Baba yake?"

"Jagdeo."

"Babu yake?"

Sunaina alifungua mdomo, akaufunga.

"Wa tatu, mama. Wenzio wanangoja."

"Hajulikani."

Kuhani alitema tambuu pembeni, akaendelea kusoma: Rampersad, mwana wa Jagdeo, mjukuu wa asiyejulikana.

Majivu yalikuwa yameshika unyevu njiani, yakagoma kutoka. Ilibidi aligonge kopo kwenye jiwe, kisha achokoe kwa kidole. Maji yakayachukua kidogo, yakayarudisha kwenye ngazi ya chini, katikati ya maua yaliyooza. Mwanamke aliyekuwa akifua hapo aliinua kichwa.

"Dada, hilo kopo bado unalitaka?"

Sunaina akampa.