Konzi ya Meza

Mkono wa kushoto wa baba ulilala juu ya meza ndogo kama soksi iliyosahauliwa, na watu watatu walikuwa wakiutazama.

"Mzee," daktari aliinama mpaka nyuso zao zikalingana, "kama unanisikia, inua mkono huu."

Mkono haukuinuka. Baba aliendelea kutazama dirisha.

"Si nilikwambia, daktari?" kaka mkubwa alisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuzika. "Tangu kiharusi kimpige, yupo hayupo. Jaribu tena ukipenda, lakini ni kumpigia mbuzi gitaa."

Daktari aliletwa na kaka. Kauli yake ndiyo ingesomwa mahakamani: ikionekana mzee hana tena akili ya kuamua mambo yake, mwanawe angeamua kwa niaba yake. Naye alikwisha kuamua. Nyumba iuzwe, baba apelekwe kwenye makao ya wazee ng'ambo ya mji. Binti, aliyesimama nyuma ya cherehani yake pembeni ya chumba, angekwenda atakakojua mwenyewe. Hakuna aliyemuuliza. Nyumbani walimwita Kivuli, maana aliingia na kutoka bila mlango kujua.

Baba alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Makamusi ya Kiingereza yalipita chini ya macho yake kabla ya kuwafikia wasomaji, na kila jioni alirudi na neno moja la ajabu, kama wazazi wengine wanavyorudi na pipi. "Petrichor": harufu ya ardhi kavu ikipata mvua ya kwanza. "Philtrum": kile kibonde kati ya pua na mdomo wa juu. "Borborygmus": ngurumo ya tumbo lenye njaa. Hilo la mwisho waliliimba mpaka mama akatishia kuwanyima chakula ili walielewe vizuri. Siku ya pili, wakati wa chai, baba aliuliza maana ya neno la jana. Aliyekosea alipata konzi, ila ilipigwa mezani, kwa kifundo cha kidole: ko!

Utaratibu huo ulianza kwa ajili ya Kivuli. Shuleni mwalimu alimpiga konzi za kichwa kwa kila neno la Kiingereza alilolikosea, darasa zima likicheka, mpaka siku moja binti akauficha mkoba wake uvunguni asirudi tena. Baba hakumgombeza. Alisema tu, "Basi hapa kwetu konzi italiwa na meza."

Hata hivyo Kivuli hakuwahi kuipata. Kaka alijibu ovyo, akagongewa kila siku, akacheka na kula mkate wake. Kivuli aliyameza maneno yote, akayahifadhi, asiyatoe nje. Kukosea mbele ya watu kulimtisha kuliko giza.

"Nani anakaa naye kutwa?" daktari aliuliza.

"Mdogo wangu huyu. Lakini kumtoa neno, daktari, ni kumng'oa jino."

"Huwa anaonyesha kuelewa, dada?"

Kivuli alishika gurudumu la cherehani. "Huwa namtajia maneno. Maneno yake ya zamani, na maana zake. Anatulia tu."

"Hashtuki? Haashirii?"

"Anatulia tu."

Kaka alifungua viganja vyake. Ushahidi ulikuwa umetoka kinywani mwa Kivuli mwenyewe.

Anatulia tu. Maneno hayo yalimrudia yakiwa na uso mwingine. Miezi yote hiyo alimtajia baba maneno, na kila moja alilitaja sawasawa, kwa uangalifu wa mtu anayebeba mayai. Na baba, ni lini aliwahi kugongea jibu lililo sawa? Hakuwa mtu wa kuamshwa na amri. Kilichomwamsha maisha yake yote ni kosa.

Dawa ilikuwa moja tu: akosee. Kwa sauti, mbele ya daktari, mbele ya kaka.

"Daktari, naomba... nimuulize mimi."

Akasogea. "Baba. 'Petrichor'. Maana yake ni... ni harufu ya samaki aliyeoza."

Kaka alipasuka kicheko. "Jamani! Hata mimi nalikumbuka hilo, ni mvua! Ndiyo maana shule ilikushinda."

Kilikuwa kicheko kilekile cha darasani. Moto ulimpanda shingoni. Mkono wa baba haukusogea, na daktari akaanza kufunga mkoba wake.

Cherehani ilikuwa palepale nyuma yake, na pengo lake la kujificha. Badala ya kurudi, Kivuli alipiga magoti kando ya kiti. Kosa lile kaka alikwisha kulisahihisha; akachagua neno jingine, ambalo baba alilipenda kuliko yote. Waingereza walikuwa nalo, alizoea kusema, wakalitupa wenyewe. Sisi la kwetu tunalo mpaka leo.

"Baba, 'overmorrow'. Maana yake jana."

Nje mtu alikuwa akipigilia misumari. Akaacha.

Kidole cha kati kilijikunja. Kikainuka polepole, kama mgonjwa anayejaribu miguu yake. Ko.

"Misuli hiyo," kaka alisema, ila sauti ilikuwa imepungua. "Hujirusha yenyewe, si ndiyo?"

"Huenda." Daktari aliuachia mkoba. "Muulize tena, dada. Safari hii sema sawa."

"'Overmorrow'. Kesho kutwa."

Walisubiri mpaka kusubiri kwenyewe kukauma. Mkono ulitulia.

"Sasa kosea."

"'Overmorrow' ni mwaka juzi."

Ko! Kikombe kililia juu ya kisahani.

"'Philtrum' ni kisigino." Ko! "'Borborygmus' ni jina la utotoni la wifi." Ko! Daktari alicheka. Kaka hakucheka, lakini mkono wake ulikuwa umetoka mezani ukajificha gotini, kama alivyofanya akiwa mtoto konzi ikigongwa.

"Siwezi kusema mtu huyu hana akili zake," daktari alisema. "Nitarudi kesho kutwa na mwenzangu, tumuulize habari za nyumba. Wewe, dada, ndiye utakayeuliza. Na mahakamani pia watakuita."

Mlangoni kaka aligeuka. "Basi nami nitakuja na wakili. Tuone kama hicho kinywa kitafunguka mbele ya watu."

Misumari ilianza tena huko nje. Kivuli aliketi sakafuni, kichwa karibu na ule mkono.

"Umemsikia, baba? Watajaa humu. Mimi sitaweza kusema."

Akakitazama kidole. Kidole kikaanza kujikunja.