Dame Haitupwi

Mume wangu Donatien hajawahi kutupa dame. Mpe karata mbili za kuanzia poka, moja iwe ile ya mwanamke mwenye taji, anaingia tu, hata kama ya pili ni tatu, takataka. "Dame haitupwi," anasema, utafikiri padri. Kisa? Siku moja dame na tatu zilimpatia mbuzi. Mbuzi mmoja! Tangu siku hiyo ana akili ya yule mbuzi.

Jumapili natoka misa, jirani yangu Joselyne ananiambia: "Maman Divine, nimeona Papa Divine anapita na cherehani yako kichwani." Eh! Na uniforme za batoto wa shule ya Giheke sijashona hata mikono, na ndizo zinatulisha! Nikaenda mbio mpaka Kamembe, kwa baa ya Hakizimana.

Cherehani ilikuwa kwenye kaunta, chupa ya bia juu yake. Hakizimana ameishika rehani, amempa bwana wangu jeton, vile vibao vya kuchezea badala ya pesa. Zikirudi zote, cherehani inarudi. Zilibaki nusu na kidogo. Nyingine ziko mbele ya Mulume, muuza vitenge wa Bukavu, anayenenepa kwa ujinga wa mume wangu.

"Toka hapo," nikamwambia Donatien.

"Maman Divine, huu ni mchezo wa banaume."

"Banaume wako wapi? Toka!"

Nikakaa. Miaka yote wanachezea sebuleni kwangu, miye nashona, wananiona kabati. Lakini kabati lina macho. Nilijua karata mbaya unaitupa mapema, kabla haijakula jeton zako.

Nikatupa tisa na mbili. Nikatupa saba na nne. Donatien nyuma yangu: "Unacheza ao unafagia?"

Kisha zikaja dame na tatu. Nikatupa.

"Mungu wangu! Dame!" Akashika kichwa. Na kweli, karata za katikati, zile za wote mezani, zilipofunuliwa, dame wawili wakatokea, baa nzima ikanicheka. Donatien akatoa machozi. Machozi kabisa, niliyaona kwa macho yangu! Ile dame na tatu yake ingekuja tena, ningetupa tena.

Mulume akaona huyu mama ni mwoga. Mara iliyofuata akasukuma jeton zake zote mbele ili nikimbie. Miye nilishika roi mbili, wafalme wawili wazima.

"Twende," nikasema, nikasukuma zangu.

Akafunua as, ile karata kubwa kuliko zote, lakini moja tu, na saba. Katikati hakikuja chochote cha kumsaidia.

Hakizimana akahesabu, akaondoa chupa yake. Donatien akabeba cherehani kichwani, tukapanda mlima kwenda nyumbani, na njia nzima ni wimbo mmoja: "Lakini ile dame, Maman Divine. Ile dame!"

Nikasimama katikati ya barabara. "Papa Divine, leo umelia sababu ya mwanamke wa karatasi. Na asubuhi, ulipobeba cherehani ya bibi yako kwenda kuiweka rehani, ulilia?"

Akaiweka sawa kichwani.

"Nilikuwa na haraka," akasema.